Kwani Kioo Si Kioo Tu? Safari ya Monita Kutoka Enzi za Chogo, na Jinsi ya Kuchagua ya Kwako



Kuna kijana mmoja mtaani kwetu, jina lake nalihifadhi maana na yeye ni msomaji wa humu, kazi yake ni picha na video za harusi. Alijibana miezi kadhaa, akakusanya hela, akaenda mjini kununua monita. Muuzaji akampa sifa zote: inchi 27, ya gemu, 144 Hz, "ukiweka hii mezani umemaliza kila kitu". Kijana akalipa, akapanda bodaboda na boksi lake amelikumbatia kama mtoto mchanga.

Harusi ya kwanza kuihariri kwenye kioo kile, ndugu wa bibi harusi walikuwa wamevaa sare ya zambarau. Kijana akakesha anarekebisha picha, huku anapunguza, kule anaongeza, mpaka rangi ikakaa vizuri machoni pake. Albamu iliporudi kutoka kuchapwa, zambarau imegeuka damu ya mzee, na picha za ukumbini zimekuwa na giza utadhani umeme ulikatika. Mama wa bibi harusi akafungua kurasa tatu, akafunga, akasema, "Mwanangu, hii siyo sare yetu." Hela iliyobaki haikutoka.

Akaja kwangu kanuna. "Kaka, mimi nimenunua kioo cha bei mbaya. Kwani kioo si kioo tu?"

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina umri wa zaidi ya miaka 120, na ndilo nataka tulipitie leo. Ukishajua kila aina ya kioo ilitengenezwa kwa ajili ya nani, hakuna muuzaji atakayekuingiza mkenge.

Kabla chogo hakijaitwa chogo

Wote tunazijua zile TV za chogo. Mbele kioo, nyuma mgongo mkubwa, na ukitaka kuihamisha unaita watu wawili. Baba wa ukoo ule ni mwanafizikia Mjerumani, Karl Ferdinand Braun, mwaka 1897. Braun hakuwa na habari na tamthilia wala mpira. Alitaka kuona kwa macho jinsi umeme unavyopanda na kushuka. Akatengeneza mrija wa kioo uliotolewa hewa, ndani yake miale inarushwa kutoka nyuma na kugonga mbele palipopakwa dawa inayong'aa. Hilo chogo ndilo nafasi ya kurushia miale.

Kwa hiyo mteja wa kwanza wa kioo alikuwa mtu wa maabara. Baadaye wakaja wanajeshi wa rada, kisha televisheni ikakichukua kioo kilekile na kukiingiza sebuleni.

Sasa hapa pana jambo linalonifurahisha sana. Watu wengi wanadhani gemu zilikuja mwisho kabisa, baada ya wakubwa kumaliza kazi zao. Siyo kweli. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven huko New York, mwanafizikia William Higinbotham, ambaye wakati wa vita alikuwa amefanya kazi ya vioo vya rada, alitengeneza mchezo wa tenisi kwenye kioo kidogo cha kupimia umeme ili wageni wa siku ya maonyesho wasichoke. Watu wakapanga foleni. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT wakatoa mchezo wa kupigana vyombo vya angani, Spacewar!, kwenye kompyuta ya PDP-1. Yaani gemu ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta miaka mingi kabla ya mhasibu kuweka hesabu zake hapo.

1981: Siku mnunuzi alipoambiwa achague

Twende sasa Marekani, mwaka 1981. IBM wanatoa kompyuta yao ya binafsi, ile PC ambayo kompyuta nyingi za leo ni vitukuu vyake. Ukienda kununua unakutana na swali lilelile lililomkuta kijana wetu: unataka ya kazi au ya rangi?

Ya kazi ilikuwa na monita ya kijani, maandishi ya kijani juu ya weusi. Ilionyesha herufi 80 kwa mstari, mistari 25. Hiyo 80 haikutoka hewani. Ilirithiwa kutoka kadi za karatasi za kutobolewa ambazo IBM walizipa safu 80 tangu mwaka 1928. Herufi zake zilikuwa safi kabisa, unasoma kutwa nzima. Dawa ya kijani iliyopakwa ndani ilikuwa ya aina inayochelewa kuzima, kwa hiyo maandishi yalitulia, hayachezi-chezi machoni.

Lakini jaribu kusogeza kitu kwenye kioo kile. Kinaacha mkia nyuma kama kimondo, kwa sababu ileile iliyofanya maandishi yatulie. Halafu kadi yake haikuweza kuchora picha, ilijua herufi na alama tu.

Ukichukua kadi ya rangi, unachora picha na unacheza gemu, hata TV ya nyumbani ungeweza kuiunganisha kwa kifaa cha kati. Ila kwenye picha unapata rangi nne tu kwa wakati mmoja, na herufi zake zilikuwa nene na mbaya, ukikaa nazo saa nane unatoka na kichwa kinagonga.

Naomba uishike hapo, maana hiyo ndiyo siri ya makala nzima. Sifa iliyomfaa mhasibu ndiyo hiyohiyo iliyomharibia mcheza gemu. Tangu 1981 mpaka leo vioo vimebadilika mara nyingi, lakini huo mvutano haujaisha. Unabadilisha nguo tu.

Na sisi huku? Zanzibar walianza kurusha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo vya TV vikaanza. Kompyuta nazo, serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, na katazo lile lilidumu kwa miaka mingi. Wakati Mmarekani anakuna kichwa achague ya kijani au ya rangi, sisi hatukuwa hata na duka la kukunia kichwa.

Nalisema hili kwa sababu lilituachia tabia fulani. Vioo vilipoanza kumiminika, vingi vilikuja vya mtumba, vimetolewa kwenye ofisi za watu Ulaya. Vilikuwa vimeshachaguliwa na mtu mwingine, kwa kazi yake yeye. Sisi tuliuliza mawili tu: inawaka? Bei gani? Swali la "hii ni ya kazi gani" hatukulizoea, na mpaka leo wengi wetu hatuliulizi.

Miaka ya chogo kufanya kila kitu

Mwaka 1987 IBM wakaleta VGA. Ndiyo, lile tundu la pini 15, mara nyingi la bluu, ambalo bado unalikuta kwenye projekta za kumbi zetu. VGA ilijaribu kupatanisha wagomvi: nukta 640 kwa 480 zenye rangi 16 kwa ajili ya kazi, au nukta chache zaidi zenye rangi 256 kwa ajili ya picha na gemu. Kwa mara ya kwanza mhasibu na mcheza gemu wakaweza kukaa meza moja bila kugombana.

Miaka ya 1990 ikawa ya neema kwa chogo. Kioo kimoja kilifanya yote. Ukikitazama kwa pembeni, rangi haibadiliki. Weusi wake ni weusi kweli, maana pasipogongwa na miale hapana mwanga. Ukikipa picha yenye nukta chache au nyingi, kinaipokea bila kuikunja sura. Na kwenye mwendo ni umeme mtupu: nukta inawaka na kuzima hapohapo.

Mwaka 1996 HP na Microsoft walikubaliana kipimo cha rangi kinachoitwa sRGB ili rangi ya kompyuta moja ifanane na ya nyingine, na walikijenga juu ya tabia za chogo. Picha nyingi unazoziona mtandaoni leo, pamoja na zile za harusi, bado zinafuata kipimo hicho. Chogo kimekufa, ila sheria zake za rangi tunaishi nazo.

Kasoro zake mnazikumbuka waliowahi kukaa kwenye mabanda ya intaneti enzi zile. Inchi 17 ilikuwa na uzito wa kilo 15 mpaka 20. Inakula umeme, inatoa joto, na chumba chenye kumi kinakuwa tanuri. Ikiwekwa kwenye 60 Hz inapepesa mpaka macho yanatoa machozi. Kioo chenyewe kina madini ya risasi, ndiyo maana si cha kuvunjwa-vunjwa hovyo jalalani.

Kioo bapa: ofisi ilishinda, wengine wakalia

Sasa aingie mtu asiyetarajiwa, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1888, huko Prague, Friedrich Reinitzer alikuwa anachunguza kitu alichokitoa kwenye karoti. Akakipasha moto, kikayeyuka mara mbili. Mara ya kwanza kikawa majimaji yenye ukungu, ya pili majimaji maangavu. Ule ukungu wa katikati ndio tunaouita fuwele kimiminika, yaani kitu kinachotiririka kama maji lakini chembe zake zimejipanga kama askari wa gwaride. Karibu miaka 80 ikapita kabla watu hawajaupatia kazi hasa: ukizipa umeme zile chembe zinageuka, na zikigeuka zinaruhusu au zinazuia mwanga.

Mwaka 1970 huko Uswisi ikabuniwa njia ya kuzipindisha chembe hizo inayoitwa TN. Mwaka 1973 Sharp walikuwa na kikokotoo cha mfukoni chenye kioo cha fuwele kimiminika. Kisha zikafuata saa za mkononi, kisha laptopu. Umeona wateja wake wa kwanza ni nani? Watu wa namba, na watu wanaobana betri. Hakuna aliyekuwa anafukuza mpira kwenye kioo hicho, wala anayetazama filamu ya usiku.

Ndiyo maana vioo bapa vilipoingia maofisini kwa kishindo miaka ya 2000, mhasibu alifurahi kuliko wote. Meza ikapata nafasi, bili ya umeme ikapungua, maandishi yakawa makali na hayapepesi.

Mcheza gemu akalia. Chembe zile zilichelewa kugeuka, adui akipita mbio anaacha kivuli. Wachezaji wa Counter-Strike waliendelea kubeba machogo yao mgongoni kwenda mashindanoni wakati ofisi zimeshayatupa. Walionekana washamba, kumbe walikuwa wanajua wanachokitetea.

Mtu wa picha naye akalia. TN ukiinama kidogo, rangi inageuka. Ukisimama, picha inapauka. Tena TN nyingi hazikuwa na uwezo wa kuonyesha rangi zote milioni 16.7. Zilikuwa na 262,144, halafu zinachezesha nukta haraka-haraka kukudanganya jicho, na kwenye karatasi ya sifa wanaandika milioni 16.2. Ukikuta 16.2 kwenye boksi la zamani, ujue unaongea na TN.

Dawa ya tatizo la rangi ilikuwa imeshapatikana. Hitachi walitoa paneli za IPS mwaka 1996, ambazo chembe zake zinazunguka zikiwa zimelala sambamba na kioo, kwa hiyo ukitazama pembeni rangi inabaki ileile. Ila mwanzoni zilikuwa ghali na polepole. Miaka hiyohiyo ikaja na VA, ambayo chembe zake zikisimama wima zinafunga mwanga vizuri zaidi, kwa hiyo weusi wake ni mzito. IPS ya kawaida nyeupe yake inaizidi nyeusi yake kwa mwanga kama mara 1,000. VA inafika mara 3,000 na zaidi. Kwenye filamu yenye usiku mwingi utauona huo utofauti bila miwani.

Basi koo tatu hizo: TN ya haraka na rahisi, IPS ya rangi, VA ya giza.

Miwani iliyokufa ikaacha urithi

Mcheza gemu alirudishiwa haki yake kwa bahati tu. Mwaka 2009 dunia ilikuwa na wazimu wa picha za 3D. Nvidia wakatoa miwani ya kuvaa ukiwa kwenye kompyuta. Miwani ile iliziba jicho moja baada ya jingine, na ili kila jicho lipate picha 60 kwa sekunde, kioo kilibidi kitoe 120. Samsung na ViewSonic wakatengeneza monita za 120 Hz kwa ajili hiyo.

Miwani ikafa. Lakini waliozinunua zile monita wakagundua kwamba ukiivua miwani na kucheza kawaida, mwendo ni laini ajabu. Hesabu yake ni rahisi. Kioo cha 60 Hz kinakuonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Cha 144 Hz kila baada ya milisekunde 6.9. Cha 240 Hz, milisekunde 4.2. Mpinzani anayetokea kwenye kona, wewe wa 144 unamwona mapema.

Mwaka 2013 Nvidia wakaja na G-Sync, kioo kinachosubiri kadi ya grafiki imalize kuchora ndipo kibadilishe picha, badala ya kukimbia kwa mwendo wake na kuonyesha picha iliyokatika katikati. AMD wakajibu na FreeSync. Neno "monita ya gemu" likawa na maana kamili. Na kwa kuwa mbio ndizo zilizouzwa, nyingi za mwanzo zilikuwa TN. Monita ya kijana wetu ilitoka kwenye ukoo huo. Ilikuwa nzima kabisa, haina ubovu. Ila aliyefikiriwa ilipotengenezwa ni mtu wa kupiga risasi, na zambarau ya mama wa bibi harusi haikuwamo kwenye hesabu.

Na mtazamaji je?

Mtazamaji wa filamu yeye alishinda kimyakimya, kwa kubadilisha umbo la kioo. Zamani monita za ofisi zilikuwa na urefu mzuri wa kwenda juu: nukta 1920 kwa 1200. TV za Full HD zikaja na 1920 kwa 1080, viwanda vikaona nafuu kukata paneli zote kwa umbo la TV, na miaka ya 2010 ilipoingia madukani karibu zote ni umbo hilo. Filamu ikakaa vizuri. Mtu wa Excel akapoteza mistari yake ya chini, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha ikaja OLED, ambayo mizizi yake ni maabara za Kodak mwaka 1987. Hapa kila nukta inawaka yenyewe, haihitaji taa ya nyuma, kwa hiyo nyeusi ni kuzimwa kabisa, kama enzi za chogo. Sony waliuza TV ya kwanza ya OLED mwaka 2007, inchi 11 tu. Kwenye monita za mezani za watu wa kawaida zimeanza kuonekana kwa nguvu tangu 2022. Rangi ipo, mwendo upo, giza lipo.

Ukidhani mvutano umekwisha, subiri kidogo. OLED ikiacha kitu kimoja kimesimama palepale siku nyingi, kama ule mstari wa chini wa Windows au vichwa vya safu za Excel, alama inaweza kubaki ya kudumu. Chogo nacho kilikuwa na ugonjwa huohuo, ndiyo maana zilibuniwa zile picha za kuelea mtu akiacha kompyuta. Kioo bora cha filamu, mhasibu anakiua kwa kazi yake ya kila siku.

Sasa wewe ni nani?

Historia imetufundisha kuuliza swali hilo kwanza, bei baadaye. Tuchukue mmojammoja.

*Mcheza gemu.* Tafuta Hz kwanza, 144 inatosha wengi, pamoja na FreeSync au G-Sync. Lakini angalia kinacholisha kioo. PS4 inaishia picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo 144 Hz haitakusaidia. PS5 inaweza kufika 120. Na kwenye kompyuta, kadi inayosuasua kwenye picha 50 haitajaza kioo cha 144. Kitu kingine kinachowaliza wengi: Windows mara nyingi inaanza na 60 Hz hata kama kioo kina 144. Ingia kwenye mipangilio ya kioo ukabadilishe mwenyewe. Nawajua watu waliocheza mwaka mzima kwenye 60 huku wanawatambia wenzao.

*Mtu wa ofisi, mwandishi, mwanafunzi.* Wewe unahitaji nukta zilizobanana na shingo isiyouma. Inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina nukta kama 92 kwa inchi, inasomeka. Inchi 27 yenye nukta hizohizo inashuka mpaka 82, herufi zinaanza kuonyesha meno. Kwa ukubwa huo tafuta 2560 kwa 1440, ambayo ni nukta 109 kwa inchi. Ukubwa bila nukta ni kama kumwagia maji mchuzi ili utoshe wageni. Kisha angalia mguu wake, unapanda na kushuka? Hz usihangaike nazo, 60 mpaka 75 inatosha.

*Mtu wa picha, video na matangazo.* IPS, na kwenye karatasi ya sifa itafute sRGB karibu asilimia 100. Halafu punguza mwanga. Monita nyingi zinatoka kiwandani zimewashwa kama taa za uwanjani ili zivutie dukani. Ukihariri hivyo, jicho linakwambia picha ina mwanga wa kutosha, kumbe ni kioo, na albamu inarudi na giza. Hilo ndilo lililomkuta kijana pamoja na lile la TN.

*Mtu wa filamu na mpira.* Ukitazama mwenyewe kwenye chumba chenye giza, VA ni nzuri, na OLED kama mfuko unaruhusu. Mkiwa wengi mmesambaa pembeni, IPS itawatendea haki zaidi, maana VA inapauka kwa aliyekaa kona.

*Mtu wa vyote kidogokidogo,* ambao ndio wengi wetu: siku hizi zipo IPS zenye 144 Hz na zaidi, koo zimeoana. Ila kwenye bei ya chini lazima kuna kilichokatwa, na mara nyingi ni nukta, mguu au rangi. Kijue kilichokatwa, ukubali mwenyewe badala ya kukigundua nyumbani.

Dukani usione haya. Omba kiwashwe. Simama kulia, simama kushoto, chuchumaa, uone kama rangi inakimbia. Fungua picha nyeusi tupu uone mwanga unaovuja pembeni, kisha nyeupe tupu uone nukta zilizokufa. Chukua dirisha ulivute huku na huku, soma maandishi yanayotembea. Na waya uuangalie: HDMI ya zamani, toleo la 1.4, ikibeba 4K inaishia 30 Hz, panya anatembea kama amelewa. Dakika kumi tu, na muuzaji atakuheshimu.

Mtumba nao msiudharau. Sasa mnajua ulitoka wapi: ofisi ya mtu. Maana yake, kwa kazi za maandishi na hata picha unaweza kuokota IPS nzuri yenye mguu imara kwa bei ya kutupa. Kwa gemu za kasi hapo ndipo utaumia, kwa sababu aliyeichagua mwanzo hakucheza.

Alichofanya kijana

Tulikaa naye jioni moja. Ile ya 144 Hz akamuuzia mpwa wake anayecheza gemu, naye akaipokea kama zawadi ya Idi. Kwa hela ileile akapata monita ya mtumba ya inchi 24, IPS, ya lile umbo la zamani la 1920 kwa 1200, ina mikwaruzo kwenye fremu lakini kioo safi, na chenji ikabaki. Akapunguza mwanga, akachapa picha moja ya majaribio, akaiweka kando ya kioo akalinganisha. Akafungua upya harusi ile, akairudia yote, akachapa albamu kwa hela yake na kuipeleka mwenyewe.

Mama wa bibi harusi akafungua, safari hii mpaka ukurasa wa mwisho. Akaenda ndani, akarudi na kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani, akakiweka juu ya picha. Akatazama. Kisha akaita, "Hebu mleteeni kijana hela yake."

Haya wadau, kioo unachosomea hapa ulikichagua wewe, au kilikuchagua? Kama uliwahi kupigwa kwenye monita, tuambie hapo chini ulipigwaje, tupate kujifunza. Jina la duka usitaje.